Abiria mmoja, tikiti tatu: fomu ya kukata tikiti na kitufe cha kurudi nyuma

MtuWaLangoni aliuliza:

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Ninaandika kutoka Lamu kuhusu jambo lililoniaibisha mbele za watu, nami naomba msaada wa wenye uzoefu.

Nimeunda mfumo mdogo wa kukata tikiti za boti ziendazo Mtangawanda na Faza. Kama wajuavyo wenyeji, safari hizo hufuata maji, kwa kuwa mlango wa Mkanda haupitiki vyema maji yakiwa yamekupwa. Saa ya kuondoka hubadilika siku hadi siku, na wasafiri wengi hukata tikiti kwa simu usiku au alfajiri, wengine wakiwa mahali ambapo mtandao huja na kutoweka kama mwanga wa tochi iliyoishiwa na mawe.

Juzi nahodha alifika gatini na orodha niliyomchapishia. Jina la mama mmoja lilikuwamo mara tatu, kwa viti vitatu, hali mwenyewe amekaa kwenye kiti kimoja na kikapu chake miguuni. Abiria wawili walioambiwa na mfumo wangu kuwa chombo kimejaa walibaki gatini wakitazama viti viwili vitupu vikienda zake. Nilipofungua hifadhidata nilikuta mistari mitatu yenye jina moja na namba moja ya simu, iliyoandikwa saa 04:41:07, 04:41:19 na 04:41:52.

Mfumo nimeuandika kwa PHP, lugha ya programu za seva, na MySQL, programu ya hifadhidata. Fomu hutumwa kwa POST, yaani njia ya kuipelekea seva habari za kuandikwa, kwenye faili moja; faili hiyo huandika mstari katika hifadhidata, kisha huchapisha hapo hapo ukurasa wa kumshukuru mteja. Nimegundua kwamba mtu akiupakia upya ukurasa huo, kivinjari humuuliza kama anataka kutuma tena habari zile, na wengi hukubali bila kusoma. Isitoshe, fomu ina hatua tatu zinazobadilishwa kwa JavaScript ndani ya ukurasa mmoja, yaani kuchagua safari, kuandika abiria na kuthibitisha, na mteja aliye hatua ya tatu akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma hutolewa nje ya fomu nzima na kupoteza yote aliyoandika.

Je, iko njia ya kukizima kitufe hicho? Nimejaribu kumwekea mteja onyo pale anapotaka kuondoka, lakini kwenye simu mara hutokea, mara halitokei.

Mwalimu_Malindi alijibu:

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho. Kitufe cha kurudi nyuma hakizimiki, wala usitamani kizimike, kwa sababu ni mali ya msomaji. Hati ya ukurasa hairuhusiwi kusoma anwani za tovuti nyingine zilizomo katika historia ya kivinjari wala kuzifuta. Inaweza kujua idadi ya maingizo, na inachoweza kubadilisha ni ingizo la mahali ilipo. Kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha kwamba kila ingizo linalobaki katika historia ni ukurasa ambao mtu anaweza kuurudia mara mia bila madhara.

Kosa lako la msingi ni kulijibu ombi la POST kwa kuchapisha ukurasa. Ukurasa huo huingia katika historia ukiwa umeshikamana na ombi lililouzaa, na ndiyo maana kuupakia upya maana yake ni kulituma upya ombi lenyewe pamoja na kila kilichoandikwa. Utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi ni huu: seva ipokee POST, iandike mstari, kisha isichapishe chochote bali ikielekeze kivinjari kwenye anwani nyingine, nacho kiifuate anwani hiyo kwa GET, yaani njia ya kusoma ukurasa tu bila kuandika kitu. Kinachobaki katika historia ni fomu na ukurasa wa tikiti. Ile POST iliyokuwa katikati haiachi ingizo lake. Mteja akiupakia upya ukurasa wa tikiti, atasomewa tikiti ile ile na hakuna kitakachoandikwa.

Katika PHP ni mstari mmoja, `header('Location: /tikiti/' . $rejea, true, 303);`, na mara baada yake lazima uweke `exit;`. Nimewaona wanafunzi wakiisahau `exit` na hati ikaendelea kutekelezwa hadi mwisho huku wao wakidhani imekoma.

Utauliza kwa nini msimbo wa jibu la seva uwe 303, ilhali mifano mingi mtandaoni hutumia 302. Zamani msimbo 302 ulikusudiwa kuiacha njia ya ombi kama ilivyo, ili POST iendelee kuwa POST kwenye anwani mpya, lakini vivinjari karibu vyote vilikuwa vikiigeuza kuwa GET. HTTP/1.1 (kanuni za mawasiliano ya kivinjari na seva) ilipochapishwa mwaka 1997 ilileta 303, ambao maana yake haina utata: jibu liko kwenye anwani ile, nenda ukalichukue kwa GET. Vipimo vya sasa, RFC 9110 ya mwaka 2022, bado vinatambua kwamba kwa sababu za kihistoria kivinjari chaweza kuigeuza POST kuwa GET kikipewa 302, kwa hiyo ukiutumia 302, mfumo wako hautakufa. Hata hivyo, mimi hupenda kuandika ninachokusudia. Ujiepushe na 307 hapa, kwa kuwa wenyewe huamuru njia isibadilike, na utajikuta umeituma POST mara ya pili kwa mkono wako mwenyewe.

Kuhusu fomu yenye kosa, kwa mfano namba ya simu iliyopungua tarakimu, wataalamu hawajaafikiana. Laravel, zana ya kuundia tovuti kwa PHP, kwa kawaida humrudisha mtu kwenye fomu kwa kumwelekeza, ikiwa imeyahifadhi makosa katika kikao, yaani kumbukumbu ya seva kuhusu mteja huyo. Mifano ya Django, zana kama hiyo ya lugha ya Python, huichapisha fomu pamoja na makosa hapo hapo katika jibu la POST. Njia ya pili ni nyepesi, na kwa kuwa hakuna kilichoandikwa katika hifadhidata, kuituma tena hakudhuru. Mimi siioni kuwa kosa.

BintiShela alijibu:

Mwalimu amesema kweli, ila dawa yake haimtibu mama yule. Tazameni saa zilizoandikwa. Kati ya mstari wa kwanza na wa pili zimepita sekunde 12, na kati ya wa pili na wa tatu sekunde 33. Sidhani kama mama aliuona ukurasa wa shukrani akaupakia upya. Yaelekea alibonyeza kitufe cha kutuma, akangoja, akaona kiduara kinazunguka tu, akabonyeza tena. Ombi la kwanza lilifika kwenye seva na likaandikwa. Kilichopotea ni jibu lililokuwa njiani kurudi. Hapo hata ungempa 303 isingemfikia, kwa kuwa mtandao ulikwisha kukatika kabla ya kivinjari kuelekezwa popote. Kuelekeza huzuia marudio yanayotoka kwenye historia. Marudio yanayotoka kwenye kidole cha mtu aliyechoka kungoja hayazuii.

Nina hakika kwa sababu yalinikuta mimi mwenyewe katika mfumo wa nyumba ya wageni, tena pale kila ombi lilikuwa likimtumia mteja ujumbe wa kuweka namba ya siri ya malipo. Mgeni mmoja aliletewa ujumbe huo mara mbili na akaulipa mara mbili. Tulimrudishia fedha zake, lakini sikulala siku hiyo.

Njia iliyonifaa ni tokeni. Seva inapoichapisha fomu, itengeneze namba ya nasibu ndefu na kuiweka ndani ya fomu katika uga uliofichwa. Katika jedwali la tikiti ongeza safu ya tokeni yenye sharti la UNIQUE, linalokataza thamani moja kuandikwa mara mbili. Ombi la kwanza litaandikwa. La pili lenye tokeni ile ile litakataliwa na hifadhidata yenyewe, nawe ukiona limekataliwa usimwonyeshe mteja kosa lolote, bali itafute tikiti yenye tokeni hiyo na umwelekeze huko kwa 303. Kwa macho ya mteja, kubonyeza mara tano ni sawa na kubonyeza mara moja.

Usijaribu kufanya hivyo kwa kuuliza kwanza kama tokeni ipo na kisha kuandika. Maombi mawili yakifika kwa pamoja, yote mawili yatauliza, yote mawili yatajibiwa kuwa haipo, na yote mawili yataandika. Liachie sharti la hifadhidata kazi hiyo. Na kwa kuwa unatumia MySQL, usivutwe na INSERT IGNORE, amri ya kuandika inayopuuza makosa, kwa sababu humeza pia makosa mengine usiyotaka yamezwe. Andika kwa INSERT ya kawaida, ulidake kosa namba 1062, lisemalo kwamba thamani imejirudia, kisha uhakikishe kwamba ni safu ya tokeni iliyogongana na si nyingine.

Kitufe cha kutuma waweza kukizima baada ya kubonyezwa ili mtu aone kwamba amesikika, lakini kizime katika tukio la `submit` na si katika `click`, kwani vipo vivinjari ambavyo kitufe kikizimwa mapema mno fomu haitumwi kabisa. Ujue pia kwamba mtu akirudi nyuma, kivinjari chaweza kumrejeshea ukurasa mzima kutoka kwenye kumbukumbu kama alivyouacha, kitufe kikiwa bado kimezimwa, asiweze kufanya lolote. Sikiliza tukio la `pageshow`, linalotokea ukurasa unapoonyeshwa, na ukiwashe tena.

MtuWaLangoni alijibu:

Ahsanteni sana, mwalimu na dada yangu. Nimeangalia tena kumbukumbu za seva na dada amenena sawa: maombi yote matatu ni POST yaliyotoka kwenye fomu, na hakuna hata moja lililotanguliwa na ukurasa wa shukrani kumfikia mteja.

Kuna jambo moja linalonitatiza. Hapa kwetu mtu mara nyingi hukata tikiti yake, kisha hurudi nyuma, hufuta jina lake, huandika la mwanawe na kutuma tena. Akirudi nyuma na kuikuta fomu ile ile yenye tokeni ile ile, si ataonyeshwa tikiti ya kwanza, naye adhani mtoto amepata nafasi, waje wakagombane na nahodha gatini?

BintiShela alijibu:

Umeuliza swali ambalo mimi nilijifunza kwa kulalamikiwa. Pamoja na tokeni, hifadhi muhtasari wa yaliyomo, yaani safari, jina na namba ya simu. Tokeni ikirudi na yaliyomo ni yale yale, hayo ni marudio: mwelekeze kwenye tikiti yake. Tokeni ikirudi na yaliyomo yamebadilika, usikisie nia yake. Mwonyeshe ukurasa unaosema kwamba tayari ana tikiti ya fulani katika safari fulani, na umuulize kama anataka kuongeza abiria mwingine au kubadilisha jina, kila chaguo likiwa na fomu yake na tokeni mpya. Ni ukurasa mmoja wa ziada, na wanaouona ni wachache, lakini hao wachache ndio ambao wangekujia mlangoni.

Halafu weka katika ukurasa wa tikiti kitufe kikubwa cha kumkatia mtu mwingine. Watu hurudi nyuma kwa sababu hawajaonyeshwa njia ya kwenda mbele.

MwenyeSaiba aliandika:

Salaam kwenu. Mimi si mwandishi wa programu sana, ila nina saiba hapa Malindi, na ninaona upande mwingine wa jambo hili kila siku. Mteja hujaza fomu, huchapishiwa karatasi yake, hulipa na kuondoka. Anayemfuata huketi, hubonyeza kitufe cha kurudi nyuma mara mbili, na mbele yake hutokea fomu ya mtu wa kwanza ikiwa na jina kamili, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Nimejizoeza kuvifunga vivinjari kila mteja anapoondoka, lakini siku ya msongamano husahau.

Kwa hiyo naomba mnaotengeneza mifumo hii mtukumbuke. Mtaalamu mmoja aliyekuja kunisaidia alinieleza kwamba seva ikituma kichwa cha `Cache-Control: no-store` pamoja na ukurasa wenye habari za mtu, kivinjari hukatazwa kuuweka. Nami nimeona kwamba kurasa za namna hiyo mara nyingi huombwa upya kutoka kwenye seva mtu anaporudi nyuma. Hata hivyo vivinjari havitendi sawasawa, na ndiyo maana alinishauri kwamba ukurasa uangalie pia katika `pageshow` kama `event.persisted` ni kweli, yaani kama umefufuliwa kutoka kwenye kumbukumbu, na kama tikiti imekwisha kukatwa basi usafishe nyuga zake.

Jambo la pili, na hili limenikera zaidi: kuna fomu zinazotumwa kwa GET zikiwa na namba ya kitambulisho ndani. Namba hiyo huonekana wazi kwenye anwani, hubaki katika historia ya kompyuta yangu, na mteja anayefuata akianza kuandika anwani inayofanana, kivinjari humpendekezea ile yenye namba ya mwenzake.

Mwalimu_Malindi alijibu:

Kwanza nakiri kwamba dada wa Shela amenisahihisha kwa haki. Niliuona ujumbe wa kivinjari katika swali nikakimbilia jibu nililozoea kufundisha, bila kuzisoma zile sekunde. Njia zote mbili zinahitajika, na kila moja ina adui wake.

Alilolisema mwenye saiba lanikumbusha kuongeza: utafutaji wa safari, ambao hauandiki chochote na hauna siri, ndio mahali pazuri pa GET. Mtu akitafuta safari za Ijumaa kwenda Faza, tarehe na bandari viwemo katika anwani, ili aweze kumtumia nduguye kiungo hicho na ili kurudi nyuma kumfikishe kwenye orodha ile ile bila kuulizwa lolote.

Sasa nije kwenye hatua tatu, ambazo hatujazigusa. Kivinjari hakijui kwamba una hatua tatu. Kwake ni ukurasa mmoja, na ndiyo maana kurudi nyuma humtoa mteja nje. Mteja anapotoka hatua ya kwanza kwenda ya pili, ita `history.pushState`, inayoongeza ingizo jipya katika historia, ukiipa anwani kama `/kata?hatua=2`, kisha usikilize `popstate`, tukio linalotokea mtu anaporudi nyuma au kwenda mbele, na uonyeshe hatua inayolingana na anwani. Angalia kwamba `popstate` haitokei wewe mwenyewe unapoita `pushState`, kwa hiyo kuonyesha hatua mpya ni kazi yako. Na ndani ya `popstate` usiite `pushState` tena. Kuna waliofanya hivyo kwa makusudi ili mtu asitoke; kila anaporudi nyuma hujikuta papo hapo, kama ngalawa iliyosahau kung'oa nanga. Huo ni utekaji.

Makosa mawili huwakuta wengi. La kwanza ni kuongeza ingizo kwa kila badiliko dogo, kila herufi iliyoandikwa au kila kosa lililoonyeshwa, hata mteja akalazimika kubonyeza mara ishirini ili arudi alikotoka. Kwa mabadiliko ya namna hiyo tumia `replaceState`, ambayo hubadilisha ingizo lililopo bila kuongeza jingine. La pili ni kusahau kwamba anwani uliyoiweka ni anwani ya kweli, na mtu akiupakia upya ukurasa kwenye `/kata?hatua=2` ombi hilo litafika kwenye seva yako. Seva ikijibu kwamba ukurasa haupo, umemzamisha. Yaliyoandikwa waweza kuyaweka katika `sessionStorage`, ambayo ni ya kichupo kimoja na hufutika kichupo kikifungwa, lakini kwa ajili ya mwenzetu wa saiba yafute wewe mwenyewe mara tikiti inapokatwa.

Mwisho wa hatua ya tatu, kama unaituma fomu kwa JavaScript, mpeleke mteja kwenye tikiti kwa `location.replace`, ili ingizo la hatua ya kuthibitisha libadilishwe na tikiti.

Hata hivyo, kama ingekuwa kazi yangu, kwa mtandao uliouelezea ningetengeneza kurasa tatu za kawaida, kila moja ikituma POST na kuelekezwa kwa 303 kwenye inayofuata, yaliyoandikwa yakihifadhiwa kwenye seva. Kila hatua ingekuwa na ingizo lake katika historia bila mimi kuandika mstari hata mmoja wa JavaScript. Gharama yake ni safari tatu za kwenda na kurudi badala ya moja, na ndiyo sababu sikulazimishi.

MtuWaLangoni alijibu:

Nimebaki na ukurasa mmoja, mwalimu, kwa sababu safari tatu kwa mtandao wa alfajiri ni nyingi, lakini `pushState` na `popstate` nimeziweka kama ulivyoeleza. Tokeni na sharti la UNIQUE vilinichukua nusu siku, pamoja na kuwafuta abiria hewa waliokuwamo tangu zamani; walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Katika anwani ya tikiti nimeacha kutumia namba ya mfululizo na badala yake naweka herufi za nasibu, kwa kuwa niligundua mwenyewe kwamba mtu mwenye tikiti namba 118 angeweza kuandika 117 na kusoma habari za mwenzake. Hilo hamkulitaja, huenda mlidhani nalijua.

Jana usiku, mbele ya mlango wa nyumbani, niliizima data ya simu mara tu baada ya kubonyeza kutuma, nikaiwasha, nikabonyeza tena. Kumbukumbu za seva zinaonyesha POST mbili zenye tokeni moja, zote mbili zimejibiwa 303 kwenda kwenye tikiti ile ile, na katika hifadhidata kuna mstari mmoja. Leo chombo kimeondoka na abiria waliolingana na orodha. Nahodha hakusema neno kuhusu hilo. Aliniomba tu orodha ya kesho niichapishe kwa herufi kubwa zaidi.